Sensa Inayopima Chuma Badala ya Hewa

Gari la turbo limekaa foleni dakika arobaini kwenye Thika Road jijini Nairobi, kati ya Muthaiga na Roysambu, na juu ya boneti hewa inatetema kama ya juu ya kikaango. Foleni inafunguka, dereva anakanyaga mafuta, na gari lile lile lililokuwa likiruka asubuhi sasa linajivuta kama limebeba magunia kumi ya mahindi. Dakika chache baadaye, likishapata upepo, nguvu zinarudi zenyewe. Fundi wa kwanza atabadilisha plagi. Wa pili atalaumu pampu ya mafuta. Wa tatu, akiwa na mashine ya kuskani na subira ya kuisoma, atamkuta mshukiwa mwingine: kidude cha nyaya mbili, kidogo kuliko kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari hewa inayoingia kwenye injini ina joto kiasi gani.

Mafundi hukiita sensa ya hewa, au kwa herufi zinazoonekana kwenye mashine, IAT. Kukibadilisha ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo maana wengi hawafikiri zaidi ya hapo. Lakini kwenye injini ya turbo kina utata ambao injini ya kawaida haina. Kabla ya kufika kwenye silinda, hewa hupita katika joto la aina tatu tofauti, na mahali sensa ilipofungwa ndipo panapoamua ni lipi kati ya hayo kompyuta italiamini. Wenye magari huihamisha wakitafuta ukweli zaidi. Mara nyingi wanaupata. Mara nyingine huruka majivu wakakanyaga moto, kwa kuwa wamehamisha sensa bila kuiarifu kompyuta.

Hesabu yenyewe si ngumu. Anayejaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa ikibanwa haraka, joto lake hupanda. Turbo ni pampu hiyo hiyo, ila inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Chukua gari lililoko Dar es Salaam mchana, hewa ya nje ikiwa nyuzi 31, na turbo yake inasukuma hadi shinikizo la jumla la kilopaskali 200, yaani karibu mara mbili ya shinikizo la kawaida la pwani. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa itatoka upande wa pili ikiwa na nyuzi zipatazo 124. Maji yangekwisha chemka.

Sasa lipeleke gari hilo hilo Nairobi, mahali pa ubaridi, nyuzi 22. Mtu angetarajia nafuu. Lakini Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kilopaskali 82 hivi badala ya 101 za pwani. Ili ifike kwenye zile 200, turbo lazima iibane hewa karibu mara mbili na nusu. Matokeo yake, hewa hutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 144, ishirini zaidi ya ile ya Dar.

Baada ya turbo huja intakula, ile rejeta ya hewa. Ikiwa inaweza kuondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka, gari la Dar litaingiza hewa ya nyuzi 59 au pungufu kidogo, na la Nairobi vivyo hivyo. Ubaridi wote wa nyanda za juu umeliwa na urefu wa mlima. Huko Muscat wakati wa kiangazi, ambako hewa ya nje yenyewe hufika nyuzi 45, hesabu hiyo hiyo inaishia kwenye nyuzi 74 baada ya intakula. Si ajabu wapandisha matuta ya mchanga wa Ghuba, wanaozifunga Nissan Patrol za lita 4.8 turbo kubwa kama vichwa vya watoto, huhangaikia joto la hewa kuliko karibu kitu kingine chochote.

Kwa hiyo kwenye gari moja kuna hewa ya nyuzi 22 kwenye boksi la chujio, ya 144 kwenye bomba la kutoka turbo, na ya 59 kwenye manifoldi. Sensa ni moja. Iambiwe isome ipi?

Jibu linategemea kompyuta inataka kufanya nini na namba hiyo, na hutaka kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuhesabu hewa. Injini nyingi hazina kipimo cha uzito wa hewa. Zina sensa ya shinikizo ndani ya manifoldi, na kompyuta huchukua shinikizo hilo, mwendo wa injini na joto la hewa, ikakadiria ni gramu ngapi zimeingia silindani. Mtindo huo una umri wa karibu miaka sitini. Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1967 kwa mfumo wao wa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600, herufi D ikisimama badala ya neno la Kijerumani la shinikizo, na tangu hapo sensa ya joto la hewa ilikuwa sehemu ya mahesabu. La pili ni kupanga cheche. Hewa ya moto huufanya mchanganyiko wa petroli uwe mwepesi kulipuka wenyewe kabla ya wakati, na mlipuko huo ndio mafundi wanausikia kama injini kugonga. Kompyuta ikiona joto limepanda huchelewesha cheche, na kwenye magari mengi hupunguza pia msukumo wa turbo. Nguvu hupungua, pistoni husalimika.

Yule dereva wa Thika Road amekutana na jambo hilo la pili, na mara nyingi kwa sababu ya uongo.

Uongo wenyewe hutokea hivi. Watengenezaji wengi hufunga sensa kwenye manifoldi yenyewe, kwa sababu huko ndiko hewa ya mwisho ilipo na huko ndiko nyaya zilipo karibu. Kwenye injini za 1.8 za turbo za Volkswagen na Audi, sensa inayoitwa G42 katika michoro ya kampuni hukaa kwenye manifoldi, jirani na throto. Honda nyingi za miaka ya 1990 ziko hivyo pia, na hizo ni miongoni mwa magari ambayo vijana hupenda kuyafunga turbo ambayo kiwanda hakikuyapa. Manifoldi ya alumini imefungwa kwenye kichwa cha injini, na maji ya injini iliyoshika moto huwa nyuzi 85 hadi 100. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa nyingi hupita na sensa huisoma hewa. Likisimama, hewa inayopita ni ya kunywea tu, na joto la chuma linapanda kupitia hesi na mwili wa sensa hadi kwenye ncha yake. Sasa inapima chuma. Itasema nyuzi 70 wakati hewa inayopita ni ya 40.

Madhara yake yana pande mbili. Kompyuta inayohesabu hewa kwa shinikizo na joto itaamini kwamba hewa ni nyepesi kuliko ilivyo. Kutoka nyuzi 40 hadi 70, uzito wa hewa kwa shinikizo lile lile hupungua kwa karibu asilimia 9, na kompyuta itapunguza petroli kwa kiasi hicho hicho. Mtaalamu aliyepanga injini ipate sehemu 11.5 za hewa kwa moja ya petroli wakati turbo inasukuma atakuta inapata 12.6. Kwa mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni ingesahihisha, lakini dereva akikanyaga hadi chini kompyuta nyingi za zamani hufuata majedwali yao bila kuisikiliza sensa ya oksijeni ya kawaida. Upande wa pili, kompyuta hiyo hiyo inachelewesha cheche, na ucheleweshaji huo ndio mara nyingi unaoiokoa injini isidhuriwe na upungufu wa petroli. Makosa mawili yanashikana mkono. Dereva anachohisi ni uzito tu.

Kosa la kinyume ni la hatari zaidi, na linaonekana vizuri kwenye Subaru za turbo za miaka ya 2000 ambazo Nairobi imezipa nafasi kama ya mifugo ya urithi. Kwenye hizo, sensa ya joto imo ndani ya kipimo cha hewa, kwenye boksi la chujio, kabla ya turbo. Kipimo hicho kina waya wa moto unaopoozwa na hewa inayopita, kwa hiyo hupima uzito wa hewa moja kwa moja. Mafuta hayakosewi kwa sababu ya joto. Lakini intakula ya Subaru imelala juu ya injini, chini ya lile tundu maarufu la boneti. Gari likisimama foleni, intakula hupikwa na injini iliyo chini yake. Foleni ikifunguka, hewa inayoingia silindani ni ya moto kweli, wakati sensa iliyoko mbele kwenye boksi inaendelea kutangaza hali nzuri ya nyuzi 35. Kinachobaki kuilinda injini ni sensa ya kugonga, ambayo kwa tabia yake huongea baada ya jambo kutokea. Subaru wenyewe walilijua tatizo. Matoleo ya STI yaliwahi kutoka kiwandani na kitangi cha maji na mrija wa kunyunyizia intakula.

Hapo ndipo mjadala wa kuhamisha unapopata uzito. Magari mawili yamekuwa mazito baada ya foleni: moja kwa sababu sensa inadanganya, jingine kwa sababu hewa kweli ni ya moto na sensa haijui. Kuhamisha sensa kunaweza kuitibu ya kwanza. Ya pili inahitaji hewa baridi kwanza, na sensa mpya kama nyongeza.

Kuna pia mifano ya waliopatia tangu mwanzo. Saab, walioonyesha 99 Turbo yao mwaka 1977, walipofika kwenye mfumo wao wa Trionic mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliihesabu hewa kwa shinikizo na joto, na sensa ya joto wakaiweka kwenye bomba linalotoka intakula kwenda throto. Huko hewa imeshapoozwa, inapita kwa kasi, na bomba haligusani na kichwa cha injini. Magari mengi ya turbo ya leo hufuata mantiki hiyo kwa sensa moja inayosoma shinikizo na joto kwa pamoja, imefungwa kwenye bomba la intakula au kwenye kifuniko cha plastiki cha intakula yenyewe. Anayehamisha sensa ya gari la zamani, kwa kweli, anaipeleka mahali ambapo viwanda vilishafika.

Kabla ya kuhamisha, au hata kubadilisha, inafaa kujua kama sensa imekufa. Ndani yake mna kipande kinachopunguza ukinzani wake wa umeme kadiri joto linavyopanda. Sensa ya kawaida ya Bosch ina omu 2,500 kwenye nyuzi 20, 1,175 kwenye 40, 596 kwenye 60 na 323 kwenye 80. Mita ya umeme ya bei rahisi, sufuria ya maji ya moto na kipimajoto cha jikoni vinatosha kuikagua, ilimradi ncha iwe ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki isilowe. Waya ukikatika, kompyuta huona ukinzani usio na mwisho na kudhani ni baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mashine ya kuskani itaonyesha hitilafu P0113. Nyaya zikigusana, kompyuta itaona joto la kupindukia na kuandika P0112. Gari linaloripoti baridi ya Siberia huku limesimama Manzese halihitaji fundi bingwa, linahitaji mtu wa kuangalia soketi.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakihitaji kifaa cha pekee. Gari lilale nje usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, swichi ifunguliwe tu na mashine isomwe: joto la hewa na joto la maji ya injini vinapaswa kukaribiana, tofauti ya nyuzi chache. Sensa inayosema 45 saa kumi na mbili asubuhi imejieleza yenyewe.

Wanaobadilisha hufanya kosa moja mara kwa mara, nalo ni kununua sensa inayoingia kwenye tundu badala ya sensa inayolingana na kompyuta. Sensa ya General Motors, ambayo wapenzi wa magari duniani kote huipenda kwa kuwa ncha yake iko wazi na hujibu haraka, ina omu zipatazo 3,500 kwenye nyuzi 20. Ikifungwa kwenye kompyuta iliyofundishwa mkunjo wa Bosch, hewa ya nyuzi 20 itasomeka kama 12 hivi, na ya 40 kama 34. Lakini kwenye nyuzi 80 mikunjo miwili karibu inakutana, na kosa linatoweka. Ndiyo maana fundi anayejaribu sensa kwenye injini iliyoshika moto anaweza kuapa kwamba iko sawa, na mteja akalalamika kila asubuhi.

Afadhali kosa hilo kuliko ujanja unaouzwa mtandaoni kwa jina la chipu ya kuongeza nguvu. Ukifungua kiboksi chake, ndani utakuta rezista moja ya shilingi chache. Inachomekwa badala ya sensa ya hewa, na kuanzia hapo kompyuta inaamini kwamba gari linaishi kwenye barafu milele: inaongeza petroli, inawahisha cheche. Kwenye gari dogo lisilo na turbo, hasara kubwa ni mafuta. Kwenye gari la turbo, kuiziba macho kompyuta wakati hewa ni ya nyuzi 70 ni kuomba pistoni itoboke.

Turudi kwenye kuhamisha. Mahali panapopendelewa ni bomba la alumini kati ya intakula na throto, sehemu iliyonyooka, sentimita kumi au kumi na tano kabla ya throto, na mbali na turbo pamoja na bomba la ekzosi linalotoa mnururisho wa joto. Ncha ifike kwenye mkondo wa hewa, isijifiche ukingoni ambako hewa imetulia. Isiwe chini kabisa ya bomba, kwa sababu mvuke wa oili unaotoka kwenye turbo na kwenye injini hutulia huko na kuivalisha sensa koti linaloichelewesha. Na kama gari linanyunyiza maji au methanoli ndani ya hewa, teknolojia ambayo Oldsmobile waliitumia kwenye Jetfire yao tangu 1962, sensa ikae kabla ya mnyunyizo. Tone likiigusa ncha na kuvukiza, sensa itasoma baridi ya ngozi yenye jasho kwenye upepo, si joto la hewa.

Bomba litolewe kwenye gari kabla ya kutobolewa. Sentensi hii ingepaswa kuandikwa ukutani kwenye kila gereji. Kuna watu hutoboa bomba likiwa mahali pake, wakapaka grisi kwenye keekee ili inase vumbi la chuma, wakaamini vipande vyote vimenaswa. Kipande kimoja cha alumini kilichobaki kitavutwa moja kwa moja silindani.

Bomba la alumini jembamba halina unene wa kushika hesi. Kinachofanyika ni kuchomelea kitako cha alumini kwa gesi ya argoni, kisha sensa kufungwa ndani yake. Kwenye bomba la plastiki la kiwandani, hesi ya koni hupanua tundu kadiri inavyokazwa na kuacha ufa utakaoonekana siku ya safari ndefu; afadhali kipande kifupi cha alumini kiungwe katikati. Mpira wa silikoni haushiki sensa kabisa. Na ile sensa ya kuchomeka kwenye raba, iliyotoka kwenye boksi la chujio la gari fulani, isipelekwe kwenye bomba lenye msukumo. Tundu la milimita 15 likisukumwa na shinikizo moja la angahewa juu ya lile la nje hupokea nguvu ya karibu kilo mbili, na raba iliyolainishwa na mvuke wa oili haitavumilia muda mrefu. Sensa huruka kama kizibo cha chupa, gari linapoteza msukumo wote, na dereva anadhani turbo imekufa.

Aina ya sensa nayo ina neno. Iliyofunikwa kwa shaba ni imara, lakini hewa lazima kwanza ipashe au ipooze kile kifuniko, na hilo huchukua makumi ya sekunde. Kwenye mashindano ya mita 400 gari limeshamaliza kabla sensa haijajua kilichotokea. Yenye ncha wazi ndani ya kizimba cha plastiki hujibu kwa sekunde chache, na plastiki haipitishi joto la bomba kama shaba. Kwa bomba la turbo, ncha wazi ndiyo chaguo la wengi, na uamuzi huo ni wa haki.

Upande wa umeme hauna fumbo kubwa, ingawa watu huuogopa kuliko kutoboa. Sensa ya nyaya mbili haina chanya wala hasi, nyaya zikibadilishana hakuna kinachoharibika. Kurefusha waya kwa mita moja au mbili huongeza sehemu ya omu mbele ya mamia ya omu ya sensa, na kompyuta haitahisi. Jambo la kushika ni waya wa ardhi. Urudi kwenye ardhi ya sensa ya kompyuta, usifungwe kwenye bolti yoyote ya bodi iliyo karibu, kwa kuwa umeme wa taa na feni ukipita kwenye bodi hiyo huhamisha volti kidogo, na kwenye joto la juu volti kidogo ndiyo kila kitu. Kwa kompyuta inayolisha volti 5 kupitia omu 2,490, sensa ya Bosch hutoa volti 2.5 kwenye nyuzi 20, ila kati ya nyuzi 80 na 100 tofauti ni volti 0.23 hivi. Kosa la sehemu moja ya kumi ya volti huko juu ni nyuzi nane au tisa.

Halafu kuna kompyuta yenyewe, mahali ambapo kazi nyingi nzuri za gereji huharibikia. Majedwali ya cheche na ya mafuta yaliyotengenezwa na kiwanda hayakuandikwa kwa ajili ya joto la hewa tu. Yaliandikwa kwa ajili ya joto la hewa lilivyoonekana kutoka mahali fulani, pamoja na makosa yote ya mahali hapo. Mhandisi aliyejua kwamba sensa yake kwenye manifoldi huongeza nyuzi kumi na tano alizihesabu. Ukiihamisha ikaanza kusema ukweli, jedwali litaendelea kuuondolea ukweli huo nyuzi kumi na tano. Subaru ya kipimo cha hewa ambayo sensa yake imetolewa kwenye boksi na kupelekwa baada ya intakula, kompyuta ikiwa ya kiwandani, itaona nyuzi 60 mahali ilipozoea 30, icheleweshe cheche, na mwenye gari atajiuliza kwa nini amelipa fundi ili gari lipungue mbio. Kwa gari kama hilo, sensa ya pili yenye kipimo chake kwenye dashibodi ina faida kuliko kuihamisha ya kwanza. Wanaoondoa kabisa kipimo cha hewa na kuhesabu kwa shinikizo wako kwenye mchezo mwingine: kwao sensa baada ya intakula ni lazima, na kompyuta lazima iandikwe upya.

Kompyuta za kujifungia wenyewe zimekuwa wazi zaidi kuhusu jambo hili. MegaSquirt, mradi ulioanzishwa na Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo kwa watu wanaotaka kujenga kompyuta ya gari mezani kwao, ina jedwali linalochanganya joto la hewa na joto la maji ya injini. Hoja yake ni kwamba hata sensa iliyowekwa vizuri kwenye bomba haisemi ukweli wote: hewa ikienda polepole hupata joto tena kutoka kwenye manifoldi na milango ya silinda kabla ya kuingia, na ikienda kwa kasi haipati nafasi hiyo. Kwa hiyo kwenye mwendo mdogo kompyuta hupewa kidogo cha joto la maji ndani ya hesabu, na msukumo ukipanda huachiwa sensa peke yake. Sensa kwenye manifoldi husema joto kuliko ukweli. Kwenye bomba husema baridi kidogo kuliko ukweli. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ni dogo, linatabirika, na linaweza kuandikiwa jedwali. La kwanza hubadilika kila gari linaposimama na kuondoka. Hiyo ndiyo hoja ya msingi ya kuhamisha, na ina nguvu kuliko ile ya kutafuta farasi zaidi.

Kazi ikiisha, bomba lipimwe kwa upepo wa kompresa na maji ya sabuni kuzunguka kitako kipya. Kisha gari litoke. Njia ya kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru inafaa: mlima mrefu, hewa inayozidi kuwa nyepesi, malori yanayolazimisha kusimama na kuondoka. Mtu mmoja aendeshe, mwingine ashike kompyuta mpakato akirekodi joto la hewa, shinikizo na cheche kwa pamoja. Gari likisimama nyuma ya lori, namba itapanda, hilo halina budi. Cha kutazama ni kinachotokea likiondoka. Namba ikishuka ndani ya sekunde chache tangu throto ifunguke, kilichokuwa moto ni hewa iliyotuama tu. Ikishuka taratibu kwa dakika mbili au tatu, na intakula ikiguswa ni ya moto, basi sensa inasema kweli na kazi inayofuata ni ya intakula. Ikishuka taratibu hivyo hivyo na intakula ni baridi mkononi, bomba lirudishwe mezani, kwa maana kitako kile bado kinapata joto kutoka mahali fulani.